Malalamiko Kuhusu Kupata Nafuu kwa Sabina Nje ya Utaratibu

Ndalahwa Luhende,
Katibu, Kamati ya Ushuhuda wa Dawa ya Ziwa Safi,
Igoma, Mwanza.

Kwa Muuguzi Noela Muganyizi,
Butimba.

YAH: KUMTIBU MKE WANGU BILA KUSHAURIANA NA KAMATI

Shemeji Noela,

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili kama mdogo wa mke wangu, isipokuwa chache nilizozipunguza kwa sababu utakazoziona hapa chini. Sisi hatujambo. Sabina naye hajambo, na hicho ndicho chanzo cha barua hii.

Kwanza niweke kumbukumbu sawa, maana ninyi watu wa hospitali hamna muda wa historia. Dawa ya Ziwa Safi iligunduliwa na Mzee Nathaniel Mashimba mwaka ule magugu maji yalipoziba ufukwe hadi mitumbwi ikakosa njia. Wengine walilalamika, yeye aliyavuna, akachemsha mizizi yake kwenye pipa nyuma ya nyumba. Mwanzoni aliuza kama mbolea ya kabichi. Baadaye kuku wa jirani waliokuwa wakiharisha wakainywa, wakatulia kabisa. Mzee akaona utulivu ule si wa kawaida. Ikawa dawa ya kuku, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha ya presha, na hatimaye ya saratani, bila kubadilisha chochote ndani ya chupa. Ni karatasi ya nje tu iliyokuwa ikiendelea kielimu. Hoja yake ni kwamba magugu hutambaa ziwani kama saratani itambaavyo mwilini, na kwa kuwa yanafanana, lazima kimoja kimwogope mwenzake. Pale kamatini hakuna aliyewahi kuipinga hoja hiyo.

Mgonjwa wa kwanza kupona ni mama mmoja wa Ukerewe. Watu wa Ukerewe walipotuuliza ni mama yupi, alikuwa amehamia Ukara. Wa Ukara walipouliza, alikuwa ameolewa Uganda. Mama huyo hatulii mahali pamoja, na hiyo peke yake inaonyesha afya aliyonayo.

Sasa malalamiko.

1. Ulikuja kwangu Jumapili kama mgeni, ukala samaki wangu, kisha ukamwuliza Sabina kwa nini anaepua sufuria kwa mkono mmoja. Hukungoja jibu. Mkaingia chumbani, na ulipotoka ukaniuliza, "Shemeji, hiki kivimbe kina muda gani?" Nilikujibu kwa upole kwamba kilikuwa tayari kinaondoka. Ukasema, "Kinaondoka kwenda wapi?" Swali hilo haulizwi katibu mbele ya watoto wake. Kesho yake, nikiwa kikaoni, ukamchukua.

2. Hospitali yenu ilimtoa Sabina kipande cha nyama na kukipeleka maabara, kana kwamba neno la Mzee halitoshi. Mzee hahitaji maabara. Hutazama jicho la mgonjwa, halafu ulimi, halafu gari alilokuja nalo, na jibu linapatikana hapo hapo. Ndivyo alivyogundua saratani ya ini ya ndugu yetu Nkwabi, ambayo hospitali ilishindwa hata kuiona, akaitibu, na leo Nkwabi ni mzima kama alivyokuwa kabla ya kugunduliwa. Tena ulithubutu kuomba chupa moja ikapimwe. Nilikufikishia jibu la Mzee nami nalirudia kwa maandishi: dawa hii ina aibu. Ikitazamwa na mashine hujificha.

3. Daktari alimwuliza Sabina anataka nini.

Hili limeniumiza kuliko yote, naomba nilieleze. Nilifika wodini nimevaa koti, tayari kueleza msimamo wa familia. Daktari, mama mmoja mwembamba anayeongea taratibu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akavuta stuli karibu na kitanda, akasema, "Mwalimu Sabina, na wewe mwenyewe unataka nini?" Mke wangu akamtazama yeye, si mimi. Halafu akasema, "Nataka kuishi. Sijaulizwa tangu nianze kuumwa." Shemeji, tangu Pasaka Kamati ilikaa vikao vingi kuhusu titi la mke wangu, na mihtasari ninayo. Hatukuwahi kuhitaji maoni yake. Huo ni utaratibu gani, wa kumwuliza mgonjwa mambo yanayohusu ugonjwa?

4. Daktari huyo huyo alipoulizwa kama Sabina atapona kabisa, alijibu, "Sijui. Siwezi kukuahidi. Ila haijasambaa, na nafasi yake ni nzuri tukianza sasa." Nilitazama huku na huku kama kuna mkubwa wake anayesikia. Mtu amesoma miaka yote hiyo, kwa kodi zetu, halafu anasema sijui! Mzee Nathaniel aliishia darasa la saba na hajawahi kutojua. Ukimwamsha usingizini umtajie ugonjwa, atakuambia vijiko vingapi.

5. Hospitali ilitangaza mapema kwamba dawa zake zingemtapisha Sabina na kumnyonyoa nywele, na kweli zikamtapisha na nywele zikatoka, nikizifagia mwenyewe. Dawa yetu haina madhara. Mfano ni Rebeka, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, aliyetumia Ziwa Safi peke yake, bila kuichanganya na hospitali, hadi mwisho. Hakutapika. Nywele zake zilikuwa zote kichwani siku tulipomzika. Mzee alieleza pale msibani kwamba saratani ilikuwa imeshamtoka. Kilichomwua ni wasiwasi. Wanawake waliomwosha walitoka na maneno mengine, lakini hao hawana mafunzo. Mumewe alinivuta kando, akaniuliza, "Katibu, wasiwasi unaozesha titi?" Nilimjibu kwamba swali lake litafikishwa kikaoni. Lipo kwenye ajenda mpaka sasa. Kila tukikutana dukani hunisalimia vizuri tu, na mimi huwa nasahau nilichofuata.

6. Sasa nafika kwenye kupata nafuu kwenyewe. Mkutano wa ushuhuda ulikuwa umeshatangazwa Igoma nzima kwa spika, na jina la Sabina lilikuwa limetajwa kama mgonjwa aliyeponywa na Ziwa Safi. Kamati ilikubaliana kwamba hata kama amepitia hospitali, mwili wake ulikuwa umeandaliwa na magugu. Nilimfundisha maneno ya kusema. Alipoitwa, alisimama na kilemba chake, akashika kipaza sauti, akasema kwa ile sauti anayowafundishia watoto kusoma: "Nilikunywa dawa hii tangu Pasaka, na uvimbe ukazidi kukua. Nikapasuliwa, wakaondoa titi. Nikawekewa dripu, na bado naendelea nazo. Naendelea vizuri. Mama mwenye uvimbe asikae nyumbani akisubiri." Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alisema spika ina hitilafu. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kunyanyuka, mmoja kutoka kule, mwingine kutoka huku, wakamfuata Sabina nyuma ya turubai, na niliona kwa macho yangu wakifungua vifungo ili awaelekeze namna ya kujipapasa. Nasikia kesho yake baadhi yao walikuwa kwenye foleni yenu. Hao, Shemeji, walikuwa wagonjwa wetu. Mzee, ambaye siku hizi anaishi Ilemela juu ya mawe, mahali penye upepo mzuri, alinipigia simu kuuliza kama mimi ni katibu au ni mume. Nilimwomba muda wa kulitafakari.

Kwa hayo yote, naomba mambo yafuatayo yatekelezwe. Hospitali iandike kwamba ilimsaidia tu Sabina, na kwamba kazi kubwa ilifanywa na magugu. Wanawake waliokuja kwenu kutoka mkutanoni warudishwe, na kama wameshatibiwa, watibuliwe kwa kadiri inavyowezekana. Na yule daktari, kwa kuwa amezoea kusema hajui, atangaze hadharani kwamba hajui ni kwa vipi mke wangu amepata nafuu. Halitakuwa jambo gumu kwake. Asipokubali, Kamati italazimika kupeleka malalamiko wilayani, mkoani na kwenye vituo vya redio, na mimi kama katibu ndiye nitakayeandika, ingawa nimeanza kuchoka mkono.

Sina kinyongo nawe binafsi. Nisalimie mumeo na watoto, wasalimie majirani wa Butimba wanaonifahamu, na wauguzi wenzako wa wodi ile, hasa yule aliyekuwa akimletea Sabina uji asubuhi bila kuombwa. Yeye hayumo katika malalamiko haya. Watoto wanakusalimia, wanauliza utakuja lini. Sabina anakusalimia pia. Yupo hapa anasahihisha madaftari, na hajui ninamwandikia nani.

Wako katika kutetea tiba ya kweli,

Ndalahwa Luhende
Katibu

Nyongeza: Mama yangu, Kashindye, amefika jana kutoka Misungwi. Kumbe anatokwa damu, na hedhi alishakoma zamani, kabla hata sijaoa. Alimwambia Sabina, mimi akanionea haya. Jioni akaniuliza kama aanze na dawa ya Mzee kwanza. Nilimwambia hapana, Mama, hiyo hapana, na nilikuwa nimeshasema kabla sijafikiri. Jumatatu asubuhi tutakuwa getini kwenu. Anaogopa sana, na Kisukuma anakielewa zaidi kuliko Kiswahili, kwa hiyo umtafutie wa kumfasiria, nami nitakuwepo. Naomba umpokee wewe mwenyewe, umpeleke kwa yule mama mwembamba. Mzee akipiga simu, niko msibani Sengerema.