Bakuli la Dada Zaïtoun na Somo la Kumi na Moja

Andoany, Nosy Be
9 Juni 1988

Kwa Ndugu Mwalimu wa Kiingereza,
Kipindi cha Jioni, Redioni

Ndugu Mwalimu,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, ninasikitika kukutangazia habari nzito ambayo huenda haikusomwa katika taarifa yenu ya saa moja: bakuli la bati la dada yangu, jeupe, lenye maua ya buluu na mfuniko uliobonyea upande mmoja, limerudi Mahajanga likiwa tupu. Hakuna aliyefariki. Ila mimi nimekaribia.

Naitwa Hamidou Abdérémane, fundi cherehani, umri miaka arobaini na saba, mnene kidogo kuliko nguo ninazojishonea. Nyumbani tunazungumza Kimalagasi, mama yetu alikuwa akitufokea kwa Kingazija, na Kiswahili hiki nilikiokota Unguja nikiwa kijana, nilipokaa miaka minne nikijifunza kukata kanzu. Kwa kuwa wewe unafundisha Kiingereza kwa Kiswahili, mimi ndiye mfasiri wa darasa letu. Darasa lenyewe ni watu watatu mbele ya redio moja: jirani yetu Houssen, mhudumu wa hoteli huko Ambondrona, akiwa na daftari lake; mke wangu Echata, akidarizi kofia; na mimi, mdomo wazi.

Malalamiko yangu yanahusu neno moja tu, tena dogo: “back”. Kwa mujibu wa somo lako la kumi na moja, Waingereza hulichukua neno hili wakalifunga nyuma ya kitenzi chochote kilicho karibu, na kitenzi hicho hugeuka kikaelekea kilikotoka. Aliyekwenda anarudi. Aliyepewa anarudisha. Aliyeandikiwa anajibu. Sisi kila tendo tumelipa neno lake, na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba maneno yamejaa nyumba. Madhara yaliyotupata ni haya:

1. Ulisema mtu wa hoteli anaweza kumwambia mgeni “come back”, kwa maana ya karibu tena. Hukusema amwambie lini. Houssen aliwangoja wazee wawili wa Kiingereza, mume na mke, wapande mtumbwi wa kuondokea, kisha akasimama ufukweni akapaza sauti kwa adabu zote: “Come back! Come back!” Wakashuka. Wakatafuta miwani, wakatafuta kofia, wakahesabu mabegi, wakapanda upya. Houssen, mtu mkarimu, akawaaga tena. Mara ya tatu yule mama aliketi mchangani akagoma kuondoka, na wakakaa siku mbili zaidi. Mwenye hoteli amempongeza Houssen. Kwa hiyo lalamiko hili nalifuta, ila namba yake naomba ibaki.

2. Nyumbani kwangu kitu kilikuwa kikiwekwa, basi hapo kilipotua ndipo mahali pake. Mkasi ungeweza kukaa juu ya friji mwezi mzima bila kuonewa. Tangu uliposomesha “put back”, yaani rudisha kilipotoka, Echata amegundua kwamba kila kitu kilitoka mahali, na mahali hapo panakingoja. Ananiamrisha kwa Kiingereza, kwa sababu, anasema, Kiingereza hakina haja ya “tafadhali, mume wangu”. Juzi nilikuwa mbele ya mteja, sindano mdomoni, nikasikia kutoka uani: “Baba Ansoifa! Kiti! Put back!” Mteja akainuka yeye.

3. Sasa tunaingia penye maumivu. Kueleza “give back” ulitupa mfano wa Ali na Juma. Ali alichukua baiskeli ya Juma. Ali akairudisha. Mluzi wenu wa kipindi ukapigwa, ukahamia mfano mwingine. Mwalimu, nilisubiri. Je, Ali hakufunga hata chane ya ndizi kwenye keria ya nyuma? Hakumpelekea mama yake Juma hata ndimu mbili? Aliirudisha baiskeli kavu, akaenda zake, na Juma akaridhika? Hao ni watu wa namna gani? Ikiwa wanakaa mtaa mmoja, nawaonea huruma majirani.

4. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bakuli ninalokuambia lilianza safari mwaka 1969, nilipohamia huku na kumwacha dada yangu mkubwa, Zaïtoun, nyumbani kwake Antanimasaja, Mahajanga. Alilituma na achari. Nikalirudisha na korosho. Tangu hapo halijapumzika: linakwenda Mahajanga kwa meli ya mizigo, mikononi mwa karani wake, Soulé, na linakuja huku kwa meli hiyo hiyo. Limebeba halua, samaki mkavu, vitumbua vilivyofika vimekuwa jiwe, vifungo vya kanzu, safari moja jino la kwanza kung'oka la mpwa wangu Charifa, binti wa Zaïtoun, ambalo nililipeleka baharini mwenyewe. Mwaka kimbunga kilipoipiga Mahajanga, paa la dada liliporuka, tulidhani bakuli nalo limekwenda. Likaja. Tulipofunua tukakuta misumari minne ya mabati, iliyopinda ikanyooshwa kwa nyundo. Hakuwa na kingine. Tulicheka mpaka Echata akalia, na misumari hiyo ninayo kwenye droo ya cherehani.

Basi kabla ya Idi bakuli lilikuja na halua. Na mimi, mwanafunzi wako mtiifu, nikalirudisha kama ulivyofundisha: safi, kavu, na bila neno.

Soulé alinisimulia yaliyotokea. Dada alikuwa na wageni sebuleni. Akaliweka bakuli katikati ya mkeka, akasema, “Haya, tuone mdogo wangu wa Nosy Be katuletea nini.” Akafunua. Akafunika. Akafunua tena, labda macho yamemdanganya. Akamuuliza Soulé polepole, “Mwanangu, hukuangusha kitu njiani?” Soulé akaapa kwa jina la mama yake. Mgeni mmoja akakohoa. Dada akasema, “Basi, mdogo wangu ameshamaliza,” akalipeleka jikoni.

Zaïtoun, Mwalimu, huniandikia kurasa nne, na karatasi ikiisha mwandiko wake hupanda pembeni mpaka juu. Safari hii nimepata mstari mmoja: “Bakuli limefika. Salamu.” Pembeni peupe kabisa. Nimelitazama lile eneo jeupe muda mrefu kuliko nilivyoyatazama maandishi.

5. Wageni wale walikuwa wamekuja kwa ajili ya arusi ya Charifa. Ndiyo, yule mwenye jino. Anaolewa Agosti. Kwetu mjomba wa bibi arusi ndiye anayesimama mlangoni kumpokea bwana arusi, na mimi ndiye mjomba pekee aliye hai. Kila Idi tangu atambae nimemshonea nguo, na ya arusi nimeiwaza tangu akiwa na miaka saba. Sijaletewa vipimo. Sijaitwa. Ninachosikia ni kwamba Mouigni, binamu wa shemeji yangu, mtu mwenye mabega ya chupa, anapimwa nguo mpya. Tena na fundi mwingine! Nikifikiria huyo Mouigni mlangoni, na mimi huku Andoany nikidurusu vitenzi, chakula hakipiti. Echata anasema kinapita. Lakini hakipiti vizuri.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo.

Kwanza, Waingereza waombwe waliache neno hilo. Wana mengine mengi. Nimeliona kamusi lao mezani kwa mwenye hoteli, ni nene kuliko godoro langu.

Ikiwa watakawia kujibu, basi mfano wa Ali na Juma usahihishwe wiki ijayo. Ali airudishe baiskeli na ndizi. Juma amrudishie kikapu cha ndizi na mayai. Mama yake Ali arudishe kikapu na mkeka. Somo halitakwisha, najua, lakini hao watoto watakuwa wamelelewa.

Na ikiwa hilo nalo ni zito, ninaomba tangazo fupi tu, kabla ya mluzi: “Bibi Zaïtoun wa Antanimasaja, Mahajanga, kosa la bakuli ni letu sisi wa redioni. Mdogo wako hana hatia.” Shemeji yangu ana redio ya betri sita. Dada anaelewa nusu ya Kiswahili. Hiyo nusu nyingine ataikasirikia, lakini atakuwa amekukasirikia wewe, nami nitapata nafasi ya kupumua. Tafadhali usichelewe. Agosti i karibu, na nguo ya arusi haishonwi kwa siku tatu.

Nisalimie walio nyumbani kwako, yule bwana wa taarifa ya habari mwenye mafua, na mpiga mluzi. Ali na Juma nao wasalimie. Echata anakusalimu kwa shingo upande. Houssen anakusalimu kwa mikono miwili, na anauliza lini utafundisha namna ya kuomba nyongeza.

Ni mimi mwanafunzi wako, niliyeumia lakini bado nasikiliza,

Hamidou Abdérémane
Fundi cherehani

Tanbihi, 2 Julai.

Barua hii haikuondoka. Niliiweka chini ya cherehani nikisubiri stempu, Echata akaikuta akifagia. Aliisoma yote amesimama, ufagio mkononi. Hata alipofika penye kisa cha Houssen hakucheka. Akaniuliza swali moja tu: “Baba Ansoifa, kashata zangu thelathini zilikwenda wapi?”

Mwalimu, ukweli ni huu. Bakuli halikuwa tupu lilipotoka kwangu. Echata alikuwa amelijaza kashata za nazi na vanila, amezifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nililipeleka bandarini asubuhi. Meli ikachelewa. Nikafunua kuangalia kama hazikuvunjika. Moja ilikuwa imevunjika, au niliivunja. Nikaila ili isiharibu mpangilio, kisha nikala ya upande wa pili ili zilingane. Nilipokuja kushtuka zimebaki tatu, na kashata tatu kwenye bakuli kubwa kama lile ni dharau kubwa kuliko bakuli tupu. Kwa hiyo, kwa heshima ya dada yangu, nikazimaliza. Kitambaa nikakitia mfukoni, nikalifuta bakuli kwa leso, nikampa Soulé bila kumtazama usoni. Nikamwambia Echata kwamba zimefika na zimesifiwa.

Somo lako la kumi na moja nililisikia jioni ya siku ile, meli imeshapita. Nilipomsikia Ali akirudisha baiskeli kavu, nilishusha pumzi kama mtu aliyepata wakili.

Echata alinikalisha, akanipa karatasi, akasimama nyuma yangu. Nikamwandikia dada: “Nilizila zote mwenyewe, bandarini. Nisamehe.” Jana Soulé alileta bakuli. Ndani mna kitambaa cheupe mita sita, na karatasi ya vipimo vya Charifa: bega, kifua, kiuno, urefu. Pembeni mwa karatasi, mwandiko unapanda mpaka juu: “Soulé aliniambia siku ile ile kwamba ndevu zako zilikuwa na nazi. Nilikuwa nakusubiri useme wewe. Mouigni anapimwa nguo ya ngoma tu. Mlangoni ni pako, kama tumbo lako litapita.”

Basi usitangaze chochote. Neno lenu halina kosa, endelea kulisomesha. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu nilikulaumu bure na ni haki yako ujue, na nimetia kijiti cha vanila ndani ya bahasha ili isikufikie na lawama peke yake. Bakuli litaondoka Jumanne, limejaa. Echata atalibeba mwenyewe mpaka melini. Mimi nimeamriwa nibaki nyumbani nikikata kitambaa.