Simu ya Mkurugenzi Haijaunganishwa

Wananchi wote mnatangaziwa, kwa furaha na taadhima, kwamba siku za kuchunguliana zimekwisha. Kuanzia sasa, ujumbe unaomwandikia mwenzako kwenye simu utajulikana na watu watatu tu: wewe, huyo mwenzako, na Idara ya Ulinzi wa Faragha. Asitokee mwingine akajipenyeza. Akijipenyeza tutamwona, kwa kuwa tumo humo humo.

Tangazo hilo niliandika mimi. Mimi ni Naibu Mkurugenzi ninayeshughulikia Usomaji, na midomo ya wasioelewa mambo hainisumbui. Utawasikia vijiweni, "Sasa nyie mnailindaje siri kwa kuisoma?" Swali la kitoto kabisa. Mlinzi asiyejua ghalani mna nini, likivunjwa atasema kimeibwa nini? Ujumbe ambao hatujausoma hauna ulinzi wowote. Upo upo tu.

Wenye hizi programu za kutumiana ujumbe wanajigamba kwamba maneno yako yamefungwa kufuli kutoka simu hii mpaka simu ile, na kwamba njiani hakuna awezaye kuyafungua, hata wao wenyewe. Sisi hatubishani nao. Mkurugenzi wetu alijifungia na jambo hilo siku nzima, akatoka anatabasamu. "Njiani waachieni wenyewe," alisema. "Sisi tutakaa mlangoni." Basi kila mtumishi wa umma akaitwa, akaambiwa aelekeze simu yake kwenye kile kimraba chenye madoadoa kinachotokea kwenye kompyuta, na pale pale kila alichoandika na kila alichoandikiwa kikaanza kutokea kwenye mashine yetu. Zoezi lilikuwa la hiari. Aliyekataa alikuwa huru kabisa kutafuta kazi kwingine.

Simu mbili tu hazikuunganishwa: ya Mkurugenzi mwenyewe, na ya Katibu Mkuu wa wizara aliye juu yake. Siri za viongozi, Mkurugenzi alitufafanulia, ni nzito mno, zinaweza kuharibu mashine.

Chumba cha Usomaji zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti bado vipo, ndivyo tunavyokalia. Mna mashine, mna feni inayogeukia upande mmoja tu, mna birika la umeme, na mna binti mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Redio anasoma kwa sauti. Mimi nasikiliza na kugonga mhuri: Kawaida, Inatia Shaka, au Irudiwe Baada ya Chai. Watu wanadhani ni raha. Thubutu! Hebu kaa wewe asubuhi hadi jioni unasikiliza watu wazima wanavyoapa kwamba wako njiani, wanakaribia kufika, na kumbe hata kitandani hawajatoka. Utaichukia nchi nzima.

Halafu kuna mambo unayajua kikazi ambayo huwezi kuyapeleka nyumbani. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya serikali, kwa hiyo simu yake tunayo. Ndivyo nilivyopata kujua kwamba yeye na ndugu zake wananiita Sanduku la Posta. Nilikasirika. Lakini ningelalamikaje? Ilikuwa siri yake, na mimi ndiye niliyekuwa nailinda.

Mambo yalienda vizuri mpaka siku Redio alipofungua ujumbe wa dereva wa Mkurugenzi. Dereva huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kazi nilimtafutia mimi. Alikuwa anamwandikia dada yake.

"'Dada, leo tena nimezunguka mjini na kiti cha nyuma kitupu,'" Redio alisoma. "'Bosi kalala kwake, mimi napitisha gari wizarani ili waone yuko mbioni. Askari wa getini wamekipigia kiti saluti.' Na dada yake anamjibu: 'Ha ha! Kisalimie sana kiti.'"

Redio aliangua kicheko. Mimi nilibaki nimeushika mhuri hewani. Ningegonga Kawaida, nadhani, Mungu anisamehe, ila sauti ya Redio haina pa kupunguzia na Mkurugenzi alikuwa anapita koridoni.

Aliingia shati likimpanda na kushuka kifuani. "Uongo! Uzushi! Kumchafua kiongozi!" Akaamuru kamati ya nidhamu ikae Ijumaa, dereva afukuzwe bila barua ya sifa, na Katibu Mkuu aalikwe ajionee mtambo unavyofanya kazi.

Nyumbani, mke wangu alikuwa ameshapata habari. Hakuniwekea hata maji ya kunawa.

"Umesoma ujumbe wangu na mdogo wangu?"

"Sikuusoma. Ulisomwa."

"Na nani?"

"Na Idara."

"Idara si ndiyo wewe?"

"Mimi ni sehemu tu ya Idara, mke wangu. Suala hili ni mtambuka."

"Mtambuka!" Alikaa kitandani, akajishika kichwa. Nilidhani anacheka, kumbe analia. "Yule ndiye anayemnunulia mama dawa. Akifukuzwa kwa maneno tuliyoongea sisi wawili, ndugu na ndugu, tukicheka, usirudi hapa. Kalale na hiyo mashine yako."

Iliniuma, sifichi. Asubuhi nikaenda kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, kuna jambo dogo la kiufundi. Simu ya dereva ina jumbe nyingi sana."

"Zisomwe zote. Sitaki kuambiwa nimemwonea mtu."

"Pamoja na za wanaomwandikia?"

"Hasa za wanaomwandikia! Tuukamate mtandao mzima."

"Sasa, kati ya hao wanaomwandikia..."

"Naibu. Simu yangu imeunganishwa?"

"Haijaunganishwa, Mkurugenzi."

"Basi una wasiwasi gani?"

Nikarudi kwenye mhuri wangu. Mtu mwenye shahada mbili akikwambia usiwe na wasiwasi, wewe ni nani uwe nao?

Ijumaa tukakutana mle mle Chumba cha Usomaji. Katibu Mkuu alipewa kiti pekee chenye miguu yote. Ni mzee mnene, mtaratibu, mwenye sifa ya kusikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Shemeji alisimama karibu na mlango.

"Haya uliyomwandikia dada yako," Katibu Mkuu alimuuliza, "ni kweli?"

"Mzee, nikisema ni kweli nafukuzwa kwa kukosa adabu. Nikisema ni uongo nafukuzwa kwa uzushi. Nichagulie wewe."

"Mnaona jeuri yake?" alisema Mkurugenzi. "Redio, soma! Soma kila kitu!"

Redio akajiweka sawa. "Kutoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwenye simu ya dereva kwa jina la Kiti cha Nyuma: 'Leo sitoki. Zungusha gari, pita wizarani, vioo vifunge.'"

Mkurugenzi aliruka. "Mheshimiwa, umesikia? Kumbe si peke yake! Kuna mtu anamtuma! Huyo Kiti cha Nyuma akamatwe leo hii hii!"

"Atakamatwa," alisema Katibu Mkuu. "Endelea, binti."

"'Yule mzee wenu Katibu Mkuu akipiga, mwambie niko kazini. Hana neno yule. Akishakunywa chai analala mpaka saa ya kutoka.'"

Katibu Mkuu alifumbua macho, yote mawili. Feni iliendelea kuupepea ukuta. Nilimtazama Mkurugenzi na nikaona maneno yameanza kumrudia kichwani, moja moja, nayo yanamjua.

"Inatosha, Redio," alisema polepole. "Tumeshaelewa."

"'Na huyo shemeji yako, Naibu,'" Redio aliendelea, kwa kuwa aliambiwa asome kila kitu, "'usimwambie lolote. Yule mpe mhuri na kiti, basi, kashiba.'"

Wote wakanigeukia. Nikagonga Kawaida. Ningefanya nini?

"Namba ya huyo Kiti cha Nyuma ni ipi?" aliuliza Katibu Mkuu.

Redio akaanza kuitaja, lakini hakufika mwisho. Namba ile imebandikwa mlangoni petu kwa tarakimu kubwa, chini ya maneno yasemayo kwamba Mkurugenzi anapatikana saa zote.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, jasho likimtiririka, "hayo ni mazungumzo yangu binafsi! Nilimwandikia dereva wangu, sikuwaandikia ninyi! Mtu hana haki ya faragha katika nchi hii?"

"Anayo, ndiyo maana tunailinda," alijibu Katibu Mkuu. "Andikeni: Mkurugenzi amesimamishwa kazi kuanzia sasa. Dereva abaki kazini. Wewe kijana, mpeleke bosi wako kwake."

Shemeji alivuta pumzi ndefu, ya kwanza wiki ile. Akamfungulia Mkurugenzi mlango kwa adabu zote. "Leo utakaa mbele, Bosi, au kule kule?"

Walipokwisha kutoka, Katibu Mkuu hakunyanyuka. Alizungusha pete kidoleni kwa muda mrefu.

"Naibu," alisema kwa sauti ya chini. "Simu yangu mimi si haijaunganishwa?"

"Haijaunganishwa kabisa, Mheshimiwa. Ya katibu muhtasi wako ndiyo imeunganishwa. Na ya daktari wako. Na ya binti yako, yule muuguzi wa hospitali ya serikali."

"Kwa hiyo ninachowaandikia..."

"Kinalindwa, Mheshimiwa. Kila siku. Redio anakipenda sana."

"Zima."

"Samahani?"

"Zima hiyo mashine! Sasa hivi!"

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba kwa mujibu wa kanuni mashine haizimwi bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi, na Mkurugenzi ndiyo kwanza tumemsimamisha. Katibu Mkuu hakungoja nimalize. Aliingia chini ya meza yeye mwenyewe, na suti yake, kwa magoti na viganja, akaanza kung'oa waya. Wa kwanza ulizima feni. Wa pili ulikuwa wa birika. Mashine ikalia, ting, na Redio, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia aache, akausogelea uso wa kompyuta.

"Ujumbe mpya," alisoma. "Kutoka kwa muuguzi, kwenda kwa Baba: 'Baba, kwenye keki yako ya kesho tuandike umri wako wa kweli, au ule wa ofisini?'"

Chini ya meza, mikono ikauachia waya wa tatu. Nikapiga magoti, kwa heshima zote, nikamuuliza Mheshimiwa kumbukumbu za kikao ziandike jibu gani.