Hata Tone Halikudondoka

Jumanne, 5 Agosti
Valvu kuu ya maji, ile ya karibu na lango, imechoka. Mpini unazunguka weee bila kufunga chochote, na siku za mgao maji yanadondoka shingoni mchana kutwa. Ua wote matope. Na Jumamosi Najwa, binti wa Khamisa, jirani tunayeshiriki naye ua huu, anaolewa! Hema litasimama papo hapo. Khamisa amenisihi nimwite fundi Levis mapema, maana anataka mwanawe atokee mlango aliokulia. Ubaid wa ng'ambo ya barabara akajipenyeza kusema ua wake una simiti, sherehe ihamie kwake. Kiherehere! Nikamwambia Khamisa aniachie mimi. Fundi wa nini? Nikiibadilisha mwenyewe, watanitaja kwenye kipaza sauti.

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya mgao. Maji yalikuja kwa nguvu, hata kukaribia sikuweza. Nerima, mke wangu, akauliza mbona simpigii Levis. Nikamwambia nina mpango. Akaguna, akaenda kujaza mitungi. Mpango wenyewe: kesho mifereji itakuwa mikavu mtaa mzima, hadi Jumamosi alfajiri. Sina haja ya kumsumbua mtu aje afunge maji barabarani. Akili hiyo!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemaliza! Ya zamani ilitoka kwa spana na matusi. Mpya imeingia kwa mkono, laini kabisa. Mwenye duka alisisitiza nizungushie tepu nyeupe kwenye maungio kabla ya kukaza. Ujanja wa biashara huo, anataka kuuza tu. Nikaifungua, nikaifunga, nikaikagua kwa tochi. Hata tone halikudondoka. Nikamwita Ubaid makusudi aje aone. Alitazama, akauliza nimeijaribu kwa maji gani. Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Ua umekauka. Hema limesimama, zulia limetandikwa. Khamisa alinishukuru machozi yakimlengalenga. Najwa akanionyesha hina, mpaka nyayoni. Huyu mtoto alijifunza kutembea kwenye ua huu, akishika kidole changu. Nimepiga suti pasi.

Jumamosi, 9 Agosti
Sitaki kuandika.
Maji yalifika alfajiri, valvu ikaruka juu ya hema. Ningefunga wapi, na kifungio chenyewe ndicho kilichoruka? Nilikalia bomba. Na suti yangu. Kuni zikalowa, mchele ukalowa, zulia likaelea mpaka barabarani. Mtu mwenye ufunguo wa koki ya barabarani alipofika, sherehe ilishahamia kwa Ubaid. Najwa alitoka kwao kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, nyayo zake za hina zimejaa tope. Hakunilaumu. Khamisa alisema tu, "Wacha, Baba Bravin. Imeshaenda." Kisha akageuza uso.
Kipaza sauti nilikisikia nikichota tope. Walimshukuru Ubaid, tena na tena. Lakini si hilo linaloniuma. Khamisa alitaka kitu kimoja tu, mwanawe apite mlango wake. Ningempigia tu Levis!

Jumapili, 10 Agosti
Khamisa ametuletea pilau. Yangu imewekwa nyama kubwa kubwa. Nikamsogezea Nerima sahani. Nerima mwenyewe ndiye aliyemwita Levis, naye fundi akafunga valvu nyingine, kwa tepu, akaenda zake. Haivuji. Ua umepoa bila yule mtoto, na mlango wa kwao umefungwa. Najuta, najuta kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimewaza sana. Majuto peke yake hayamsaidii Najwa, lazima nimfidie. Ameolewa Molo, na baridi ya Molo naijua. Bibi harusi hawezi kuoga maji kama barafu. Basi nimemnunulia shawa ya stima, ile ya kupasha maji moto. Nerima akasema nimpeleke Levis akaifunge. Levis tena! Kwanza nimesikia kesho stima haitakuwepo huko kutwa nzima. Bahati iliyoje! Nitaifunga mwenyewe, polepole, pasipo hatari yoyote. Nikimaliza nitagusa kila waya kwa kidole, mbele ya Najwa na mumewe. Nisipopigwa, iko salama.