Makubazi ya Hafsa Kwenye Foleni ya Sukari

Jumatatu, 4 Mei 2020

Sukari imeadimika. Tabora nzima! Mtaani kwetu inapatikana kwa Adinani peke yake, na Adinani ana masharti kama mganga. Barakoa. Kunawa kwenye ndoo ya mlangoni. Kusimama kwenye maduara ya chokaa aliyoyachora kutoka mlangoni hadi mtaroni, mtu mmoja duara moja. Na kila duara kilo moja tu, hata kama nyumbani una ukoo mzima.

Kilo moja! Na mimi Jumapili nina hitima ya arobaini ya mke wangu. Hafsa alizikwa na watu wachache kwa sababu ya hofu ya huu ugonjwa. Waliokuja walikaa mbalimbali, wakanipungia mkono kana kwamba napanda treni. Hakuna aliyenishika bega. Nimeapa: arobaini yake itajaa. Watu watafuturu kwangu, na uji utakuwa mtamu. Uji wa watu wengi unataka sukari nyingi.

Jirani yangu Awadhi, muuza asali, kaniambia juu ya ukuta kwamba mtu wa Tabora, penye asali tele, kupanga foleni ya sukari ni aibu. Atanipa dumu zima la asali, bure. Bure! Huyu ambaye kwenye hitima ya baba yake alichinja ng'ombe, na mpaka leo watu wanamtaja. Anataka hata arobaini ya mke wangu watu waondoke wakimsifu yeye. Ng'o!

Jumanne, 5 Mei

Nimepata njia. Foleni ni ndefu, jua kali, watu wamefunga. Wakichoka wanakwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta na kuacha ndala zao kwenye duara, kama tunavyoacha ndoo bombani. Ndala zikishakaa, nafasi ina mwenyewe. Hakuna anayeuliza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Makubazi ya Hafsa yalikuwa palepale alipoyavua. La kushoto lina kiraka cha tyubu ya baiskeli, nilikishona mwenyewe, maana ufundi baiskeli ndio kazi yangu. Nikayaweka kwenye duara la mbele yangu. Watu wamevaa barakoa, wamesimama mita moja mbali, wataona nini?

Adinani naye ni mgeni. Amehamia kutoka Igalula baada ya msiba, hajui nani yupo na nani hayupo. Nikamwambia ni viatu vya mke wangu, kafika nyumbani mara moja. Akapima kilo mbili. Mbili! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Mei

Leo nimekuwa jasiri zaidi. Nimeyaweka makubazi kwenye duara, mwenyewe nikajibanza kivulini.

Nyuma ya makubazi alisimama Yustina, yule mama Mkatoliki anayeuza karanga. Foleni ikisogea, watu husukuma ndala za wenzao kwa mguu. Yustina hakusukuma. Aliinama, akayashika makubazi kwa mikono miwili, akayapangusa vumbi, akayaweka duara la mbele yakitazama mlango. Kila foleni iliposogea, vivyo hivyo. Nikacheka kimoyomoyo. Heshima yote hiyo kwa viatu vya hila!

Mara kijana wa bodaboda huyo! Akayapiga teke, akasimama yeye. Lahaula! Nilikuwa bado nainuka, Awadhi akachomoka kwenye duara lake na kumvaa kijana uso kwa uso, mita moja hakuna, barakoa kidevuni. Akamwambia ayarudishe yalipokuwa, la sivyo atajuta kuzaliwa. Kijana akayarudisha. Awadhi kugeuka, duara lake limeshachukuliwa. Akaenda mkiani kabisa.

Nimeshamjua. Anataka nimshukuru. Sishukuru.

Alhamisi, 7 Mei

Shemeji yangu Najiat, mdogo wake Hafsa, kashuka na treni kutoka Urambo kuja kunisaidia hitima. Hata maji ya kunawa hajamaliza, akauliza makubazi ya dada yake yako wapi, anataka tuyatoe sadaka. Nikasema nayashona. Akayatazama pale mlangoni, yana chokaa kwenye soli. Alikwenda jikoni akalia.

Baadaye akaniambia shehe anashauri tusikusanyane. Kila mtu asome kwake, dua hufika popote. Nikamjibu kwa ukali kwamba dua itafika, sawa, na mimi je? Nani atanifikia mimi? Nimejuta kumkaripia. Yeye kafiwa na dada.

Nimeamua. Kama Adinani anaweza, nami naweza. Nikachanganya chokaa, nikachora maduara uani, mita moja moja. Nilijaa hamasa. Moja limeangukia jikoni, jingine mlangoni mwa choo. Atakayekaa hapo atavumilia.

Ijumaa, 8 Mei

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kualika. Wote wamejibu inshallah. Sasa, ipo inshallah ya kuja na ipo inshallah ya kutokuja. Hizi zote zilikuwa za kutokuja, nilizisikia ndani ya barakoa.

Yustina akanieleza wazi kwamba mama yake ana pumu na hathubutu kukaa kwenye mkusanyiko. Akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna neno. Lipo! Lipo neno kubwa. Hafsa ndiye aliyekaa na huyo mama siku zote Yustina alipokuwa sokoni.

Nimerudi nyumbani nikakung'uta sukari yangu ndooni. Ndoo inakaribia kujaa. Wa kuinywa ndio hawapo.

Jumamosi, 9 Mei

Siku mbaya. Nimekwenda kumalizia. Makubazi yalifika dirishani kabla yangu, Yustina kayaweka. Adinani akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akapima. Kisha akasema, kwa adabu zake zote, kwamba huyu mama anamwona viatu tu kila siku, nimpelekee salamu.

Mtu aliyekuwa akinawa akafunga koki.

Nikasema zitafika. Ningesema nini? Nyuma yangu nikamsikia Yustina akikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayezuia kilio, na hakuna aliyemkimbia.

Nimezifikisha. Nimekwenda makaburini saa kumi, nikamwambia: Adinani wa dukani anakusalimia. Halafu nikakaa pale mpaka jua likapoa.

Jumapili, 10 Mei

Arobaini.

Alasiri yote nilisimama uani na maduara yangu. Matupu! Alikuja shehe. Alikuja Awadhi. Alikuja Adinani, macho mekundu, kumbe ameshaambiwa, akaomba msamaha mpaka nikaona haya. Basi. Uji unachemka, michembe ya viazi vitamu imeiva, maghribi inakaribia, na ua wangu mweupe mtupu. Nilitamani kuyafuta yale maduara kwa miguu.

Kabla ya adhana Yustina akaingia getini na viatu vyake vya kanisani. Akavivua, akaviweka kwenye duara, akanipa pole kutoka mbali, akaondoka pekupeku. Sikuelewa. Akaja mwingine na ndala. Mwingine na raba. Akaja hata yule kijana wa bodaboda. Wanaweka, wanatoa pole, wanaondoka. Mpaka duara la mlangoni mwa choo likapata mtu.

Awadhi, mita moja kando yangu, akanieleza kwamba wameshika nafasi. Kila mmoja yuko kwake anasoma, na Wakristo wanasali kwao. Nikamwuliza wamejua tangu lini habari ya makubazi. Akasema tangu siku ya kwanza. Mtaani hapa nani asiyekijua kiraka kile?

Nikalia. Mbele ya Awadhi! Akanyoosha mkono kunishika bega, akakumbuka, akaurudisha. Lakini niliuona.

Tukafuturu. Uji mtamu ajabu, nikausifia ujanja wangu wa kukusanya sukari. Najiat akasema sukari hakuigusa, ametia asali ya Awadhi, kama dada yake alivyofanya miaka yote. Hafsa alikuwa akiinunua na kunificha, kwa kuwa mimi na Awadhi hatuivi. Miaka yote! Nikataka kukasirika. Nikaomba bakuli la pili.

Jumanne, 12 Mei

Jana watu walikuja kuchukua viatu vyao. Ua umebaki na chokaa.

Najiat amepanda treni leo alfajiri. Kaniusia kama mtoto: sukari nimgawie Yustina na majirani, makubazi niyatoe sadaka, Awadhi nimkaribishe baraza moja, na dukani niende tu ninapokuwa na haja. Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa kila neno.

Treni ilipoondoka nikapita nyumbani, nikainama mvunguni, nikaenda zangu kwa Adinani nikiwa na ndoo nzima ya sukari nyumbani. Nikayaweka makubazi kwenye duara. Na huu mpango wa sasa ni bora kuliko wa kwanza, maana kila mtu anajua. Hakuna ninayemdanganya, basi nani atanikamata? Yustina akayapangusa, akayasogeza. Awadhi alikuwa nyuma yake, akatazama pembeni. Adinani kanipimia kilo mbili, wala hakuuliza.

Kesho nitawahi zaidi. Hafsa hapendi kusimama juani.