Vita vya Ukurasa wa Tatu

Wa kwanza kuuona alikuwa Kimya: mstari mmoja, mwembamba kama uzi uliochomoka, umekaa peke yake juu ya ukurasa wa tatu, na chini yake karatasi tupu.

Sogeeni basi, enyi wenye masikio, wekeni chini simu zenu, msikie habari za mchana ule uliotikisa himaya nzima ya ushonaji, yaani chumba kimoja chenye vyerehani na pasi. Kwa maana wafadhili walikuwa wametamka: andiko la mradi wa masomo ya jioni, kwa watu wazima walioacha shule, lisizidi kurasa mbili. Likizidi, halisomwi. Na ofisi yao ilifungwa saa kumi.

"Tumezidi," akanong'ona Kimya, mshona vifungo, ambaye maneno yake ya wiki nzima yangepita katika tundu la sindano.

Mwalimu, Jemadari wa Miwani Mbili, moja machoni na moja utosini, akalikagua jeshi lake la maneno. "Na pakatwe," akanguruma, "ila si kwenye aya yangu ya tatizo. 'Changamoto mtambuka za kielimu katika muktadha wa jamii.' Ukitoa hiyo umeng'oa uti wa mgongo."

"Wa nani, Mwalimu?" akauliza Mama Mkasi, malkia wa chumba, aliyekitoa kiwe darasa. "Mimi mwenyewe sijaelewa umesema nini. Na sentensi ya vyerehani vyangu usiiguse."

"Vyerehani vinahusiana nini na kusoma?"

"Ndiyo madawati hayo, baba. Au ulitaka waandikie magotini?"

Vita vikawaka. Wakazibana herufi kwenye kompyuta, Mama Mkasi akainua karatasi dirishani, akauliza kama hayo ni maandishi au chawa. Wakazirudisha. Wakafuta neno hapa, wakapachika mawili pale, na kila mashine ya kuchapa ilipokohoa, mstari ule ulitokea tena kwenye ukurasa wa tatu, umetulia kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka.

"Basi tuache," Mama Mkasi akasema, akitazama saa. "Tutapeleka mwakani."

Mwakani! Tangu darasa lile lilipokuwa wazo tu, Kimya alikuwa ameshajichagulia kiti, moyoni, bila kumwambia mtu, kwa kuwa wote pale walidhani alimaliza shule. Akasimama. Vifungo vikamwagika kutoka mapajani, vikakimbia sakafuni kama jeshi lililoshindwa.

"Mwalimu," akasema, "futa aya yako yote. Andika haya."

Akayatamka. Mwalimu hakubisha, alivua miwani ya machoni, akavaa ya utosini, akaandika. Mama Mkasi alimtazama binti yule kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

Mashine ikakohoa. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kisha, enyi vizazi vijavyo, ikanyamaza.

Mama Mkasi alikimbia njia nzima na tepu ya kupimia shingoni, na dakika chache kabla ya saa kumi karani alihesabu kurasa, akahesabu tena, akagonga muhuri. Hivyo ndivyo ulivyoanguka ukurasa wa tatu, na palipokuwa na aya ya Mwalimu pakasomeka hivi:

"Niliacha shule darasa la nne. Sijawahi kumwambia mtu. Darasa hili likifunguliwa, nitakaa mbele."