Kurasa Chafu Ndizo Zenye Mtihani

Jumatatu, 3 Machi

Miguu imevimba. Mashine ya fotokopi imekohoa kutwa nzima na mimi nimekohoa nayo. Nimekaa jikoni naandika, maana nisiposema na mtu nitapasuka, na baba watoto kajifunika gazeti usoni.

Habari ya leo ni binti yangu. Anasoma chuo hapo hapo kwenye geti penye kibanda changu, na somo moja limemkalia kooni. Hesabu. Si hizi zetu za kuongeza na kutoa. Hizi zina x, y na z, na wote wanabadilika kwa mpigo kama wapangaji wa nyumba moja. Keshafeli mara moja. Marudio ni Jumanne ya wiki ijayo. Akianguka tena, anafungasha. Kitabu cha chuo anacho, kinene kama mto wa kulalia, ila anasema kinamweleza mtu anayejua tayari. Wenzake wananunua vitabu vya msaada, vile vyembamba vinavyokutafunia somo ubaki na kazi ya kumeza.

Vinauzwa kwa Bwana Wino, mwenye duka la vitabu lenye milango ya vioo, ng'ambo ya barabara. Nikaenda kumwomba aniazime kimoja, kwa ujirani. Akanijibu vitabu vyake ni vya kusoma, si vya kulishwa mashine mbovu. Mbele ya wateja! Nikatabasamu mpaka mlangoni. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Akili ya mtu aliyeishia darasa la nne si ya kuchezea.

Chini ya meza yangu kuna boksi. Wanafunzi wakimaliza chuo huniachia vitabu vyao vya msaada, fotokopi za upande mmoja, nyuma peupe. Vya hesabu hii vimo tele. Leo nikavitoa kuvifuta vumbi, nikaona jambo. Kila kitabu kina kurasa chafu na kurasa safi. Zile chafu zina vidole, mafuta, chai, na moja nadhani machozi. Zile safi, utadhani zimetoka mashineni asubuhi. Nikajiuliza: kitasa cha mlango kinachakaa wapi? Si pale kinaposhikwa? Basi wanafunzi wote hao, miaka yote hiyo, wameshika pale penye mtihani. Kwa nini mwanangu ahangaike na kitabu kizima wakati vidole vya watu vimeshamchagulia?

Nimeanza kuchambua. Chafu huku, safi kule. Mgongo unauma kama nimelima.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu kimezaliwa. Kurasa chafu tupu kutoka vitabu vyote, nimezinakili, nimezibana kwa waya, jalada jekundu. Nikampa binti. Akafunua, akafunua tena, akaniuliza mbona kila baada ya kurasa chache anakaribishwa upya na kuambiwa asiogope. Nikamwambia ukikaribishwa na wengi ujue unapendwa.

Akashusha pumzi. Nikaona niwe mama, nikamwomba anieleze kidogo kinachomsumbua. Akasema wakibadilika wote kwa pamoja huwezi kujua nani kafanya nini. Kwa hiyo unamshika y asitikisike, unamtazama x peke yake. Sasa hiyo mbona naijua siku nyingi? Mke wa fundi saa nilimjua vizuri mume alipovunjika mguu akawa hatoki kitandani. Mume katulia, mke ndiye anabadilika, wewe unaangalia tu. Nikaanza kumsimulia kisa chote. Akasema mama, nina mtihani.

Zile kurasa safi nilitaka kuzitupa, roho ikaniuma. Nikamwekea mezani, upande mweupe juu, awe anafanyia hesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Jalada jekundu limezua mambo. Wenye marudio wameliona kwa binti yangu, wamenipangia foleni kibandani. Nimebana vitabu mpaka vidole vimekufa ganzi. Bwana Wino katoka kusimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, mwisho akavuka barabara kuniuliza siri ni nini. Sikutaka kusema, lakini mimi na mdomo wangu hatushauriani. Nikamwambia: kurasa chafu. Akarudi dukani, akakaa anavitazama vitabu vyake, vyote vipya, havina hata doa. Nikamwonea huruma kidogo. Nikafurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi

Mkosi. Mwanafunzi mmoja wa marudio, tunamwita Mrefu, kanirudishia kitabu mbele ya foleni nzima.

"Mama Fotokopi," akasema, "humu mna sura ya kwanza tupu. Kila mtu anaanza sura ya kwanza, anachoka, anaacha. Akirudi anaanza tena upya. Ndiyo maana ni chafu. Mtihani unatoka kule mbele ambako hakuna aliyefika."

Foleni ikaguna. Nikamuuliza asiyejua mwanzo atajuaje mwisho. Hakucheka mtu. Wakanirudishia, rundo zima.

Mchana mwalimu wao wa hesabu akaja kunakili kitambulisho. Nikampangusia kiti, nikamsifia shati, nikamuuliza kwa upole kama mtihani unatoka mwanzoni au mwishoni. Akasema unatoka kwenye somo. Hawa watu waliosoma hawa!

Nimerudi nyumbani kimya. Mimi, kimya! Baba watoto akanishika paji la uso aone kama nina homa. Je, kama Mrefu kasema kweli? Mtoto afungashe virago kwa ajili ya vidole vya watu?

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nafuu. Mrefu ni mvivu, basi. Wavivu wote ni warefu, uchunguze.

Ila binti naye ananitia wasiwasi. Kitabu chekundu hakigusi. Kakiweka chini ya mguu wa meza, ati meza inayumba. Kang'ang'ana na zile karatasi za kufanyia hesabu. Anaandika, anageuza, anasoma, anageuza, anaandika. Nikamwambia mwanangu, upande huo umeshachapwa, andika penye weupe.

"Niache, mama, nasoma."

Hata kichwa hakuinua. Baadaye akataka nimletee zote zilizobaki. Nikamletea huku nanung'unika, mtoto gani anakula karatasi hivi. Nikachungulia begani kwake: alama ndefu kama ndoano za kuvulia, tatu zimefuatana. Macho yakaniuma. Nikarudi kufua.

Jumanne, 11 Machi

Mtihani. Kibanda sikufungua. Nimesimama getini toka asubuhi, mlinzi akanipa ndoo nikalie. Tumemsengenya mkuu wa chuo mpaka tukamaliza, tukaanza na mkewe. Lakini moyo haukuwepo kwenye mazungumzo.

Binti katoka karibu wa mwisho, wino mpaka shavuni. Nikamuuliza ndoano zilikuwepo. Akasema zilikuwepo. Nikamuuliza nyingi? Akasema, "Zilijaa, mama." Kisha akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo, tukatembea. Sikuuliza tena. Na kwangu mimi kutouliza ni ugonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Kapita! Kapita! Majibu yamebandikwa, jina lake lipo, macho yangu sikuyaamini, nimemwambia mlinzi anisomee, halafu nikamwambia arudie. Nimekaa chini pale pale.

Binti akanikumbatia. "Mama, ni zile karatasi ulizotaka kutupa. Kila walichouliza kilikuwa upande wa pili."

Mtoto ana adabu huyu, hataki kunikuza mbele za watu. Nikamwambia sifa zipelekwe panapostahili. Bila kitabu chekundu meza ingeyumba, na meza ikiyumba nani anasoma? Nimetangaza mtaa mzima. Mrefu naye kapita, sijui kwa njia gani, na kwa mara ya kwanza maishani sitaki kujua.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi imeanza upya. Kuna hesabu nyingine inafuata, wanasema ile ya kwanza ilikuwa salamu tu. Nimeshusha boksi jingine, nimechambua kutwa, shingo haigeuki. Safari hii jalada la kijani.

Bwana Wino hakukubali kushindwa. Kavipeleka vitabu vyake vipya kwa fundi baiskeli, avifunuefunue mikono ikiwa na grisi. Fundi kachafua kurasa zote sawasawa, sasa hata Bwana Wino hajui mtihani uko wapi. Nimecheka mpaka ubavu umeniuma. Kuiba akili ya mtu si kazi rahisi.

Jioni binti karudi, hata hajaweka mkoba chini, akauliza kurasa safi nimeziweka wapi. Nikamwambia safari hii sijazi nyumba takataka, nimempa muuza karanga wa pale kona, afungie.

Katoka mbio, hata viatu hakuvaa.

Sijui karanga kaanza kuzipenda lini.