Uzinduzi wa Kituo cha Umahiri wa Pool, Katesh

(Hotuba ya Ndugu Maximilian Lukasi, Mratibu wa Programu ya Vipaji vya Mezani, Ukanda wa Hanang na Mbulu, aliyoitoa Katesh, kando ya barabara ya Singida, siku ya mnada.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye amenikaimisha nafasi yake. Wawakilishi wa wageni waalikwa walioshindwa kufika. Viongozi wetu wa dini mlioomba kuondoka mapema na mkakubaliwa. Wazee wetu, shikamooni. Akina mama wa mnadani, wafugaji wetu kutoka tambarare, wakulima wetu kutoka Tlawi, ndugu zetu mnaopeleka wagonjwa Haydom na mmesimama hapa kwa sababu gari lenu limeharibika. Wachezaji, wapenzi wa michezo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. Pool oyee! (Oyee! Mbuzi mmoja analia.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria, na nasema ya kihistoria kwa maana pana ya neno hilo, kwa kuwa baada ya upembuzi yakinifu, upembuzi wa upembuzi huo, semina elekezi, warsha ya kuipitia semina, na ziara ya mafunzo niliyoifanya mimi mwenyewe kwa niaba yenu kwenye miji yenye hoteli nzuri, tumefikia hatua ya kuzindua Kituo cha Umahiri wa Pool, chenye ukumbi, meza zisizoyumba, taa juu ya kila meza, na bweni la wachezaji, kama mnavyouona mchoro wake uliofungwa kwenye nguzo hizi mbili, ambao sasa nitauelezea kwa kutumia fimbo hii ya pool niliyoikuta imeegemea meza ya Mama Gaudensia. (Minong'ono. Msichana anasimama nyuma.)

SAUTI: Mheshimiwa, shikamoo. Hiyo fimbo ni yangu.

Marahaba, binti yangu. Kwa wasiomfahamu, huyu ni Imakulata Margwe wa Tlawi, bingwa wetu wa Katesh, zao la programu hii, ingawa alianza kucheza kabla programu haijabuniwa. (Kicheko.) Fimbo yako iko mikono salama. Ukumbi utaanzia hapa, mpaka hapa...

MAMA GAUDENSIA: Mheshimiwa, samahani. Hapa kwetu fimbo ya mtu haishikwi bila kumwomba mwenyewe. Hata wafugaji wakija kucheza kwangu, zao za kuchungia wanaziegemeza mlangoni, na hakuna wa kuzigusa. Mrudishie mtoto.

Hayo nimeyapokea kama maoni ya mdau muhimu, mwenye meza pekee ya pool katika mtaa huu, na yataingizwa kwenye mchakato.

IMAKULATA: Mheshimiwa, basi la Singida ndilo lile, linapakia. Klabu ya pool ya kule imenipa nafasi ya kufundishwa na kucheza. Wamesema nisipofika leo anapewa mwingine. Na bila hiyo fimbo siwezi kucheza.

Singida! Mnasikia, ndugu zangu? Tunajenga Katesh, mtu anatazama Singida. Binti yangu, nilikuambia mwaka jana usiende, ukanisikiliza. Na safari hii nisikilize. Subiri kituo. (Imakulata anabaki amesimama na begi lake begani.)

Sasa naomba niingie kwenye mada ya kitaalamu. Mchezaji bora ni nani? Wachezaji wanasema uiname mpaka kidevu kikaribie fimbo, mkono wa mbele utulie juu ya meza, na wa nyuma uende na kurudi bila bega kutikisika, na baada ya kupiga usiinuke upesi. Nawaheshimu, ila kwa uzoefu wangu kiongozi hainami. (Kicheko.) Ndiyo maana nilipofungua mashindano yaliyopita nilipiga nikiwa nimesimama wima, nikishikilia fimbo kwa upande mwembamba, na matokeo mliyaona.

SAUTI: Uliingiza mpira mweupe, ule wa kupigia!

Niliingiza mpira, ndugu yangu. Rangi yake tuwaachie wataalamu. (Kicheko kirefu.)

Tukija kwenye suala la fimbo, programu imebaini changamoto kubwa, nayo ni kwamba kila mchezaji ana yake aipendayo. Tito hapa, kijana wetu wa tambarare, anataka nyepesi, na ile ngozi ya nchani anaikata mwenyewe kwenye ngozi ya shingo ya dume, anaigonga kwa jiwe mpaka inakakamaa, halafu anasema ngozi za dukani zinateleza. Imakulata anataka nzito upande wa nyuma, kwa madai kwamba asubuhi za kule juu Tlawi vidole vinaganda, na fimbo nzito inakwenda yenyewe bila kulazimishwa. Sasa mwaka huu huyu nzito, yule nyepesi, tutafika kweli? Hivyo nimeunda kikosi kazi, chini ya uenyekiti wangu, kuoanisha mapendeleo haya, ili ifikapo mwisho wa mkakati kila mwananchi wa ukanda huu awe anapenda fimbo moja. (Tito anatikisa kichwa.) Naona Tito anaafiki.

Kuhusu takwimu, asilimia mia moja ya wananchi tuliowahoji wameridhishwa na utekelezaji, na hapa nimpongeze dereva wangu kwa kukubali kuhojiwa. Dereva, simama wakuone. (Dereva anainua mkono akiwa amelala kwenye gari.)

UTINGO, KUTOKA BARABARANI: Singida! Singida hiyo, tunatoka!

IMAKULATA: Mheshimiwa, nakuomba. Nimesubiri mpaka nimechoka. Nyumbani wanasema nimechezewa akili, na mimi naanza kuamini. Nipe fimbo yangu niende.

Usiwe na haraka, namalizia. (Mnong'ono wa wazi: "Mpe!") Nimalizie kwa siri ya wachezaji wakubwa, ambayo niliitoa kwa Imakulata mwenyewe nikaiweka kwenye andiko la mradi. Anasema mpira anaotaka kuingiza hauhangaikii, huo anauhesabu umeshaingia; anachopigia hesabu ni mweupe utasimama wapi, ili apate wa pili. Hekima kubwa sana hiyo, na ndivyo ofisi yangu inavyofanya kazi. Mradi tunaouzindua hatuuhangaikii, huo tunauhesabu umeshapita. Macho yetu yako kwenye mradi ujao. (Watu wanatazamana. Mama Gaudensia anajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika.)

Na sasa tusimame sote kwa kaulimbiu, mikono yote miwili juu, hakuna wa kubaki na mkono mfukoni. Na mimi naitua hii fimbo hapa mezani ili niwaongoze. Pool ni ajira!

WANANCHI: Ajira!

Meza moja, taifa moja!

WANANCHI: Taifa moja!

(Imakulata anapita kati ya viti, anaichukua fimbo yake, anaifunga kwa kitenge na kukimbilia barabarani. Tito anakwenda naye, amebeba begi.)

Hanang na Mbulu, mchuano... huyo binti anakwenda wapi? Tito, mzuie! Aa. Haya. Ndugu wananchi, tuketi, ni wakati wa shukrani.

Namshukuru Mama Gaudensia kwa kutuazima meza yake, na naambiwa vijana wa kuirudisha wameshafika, basi wasubiri nishuke jukwaani. Namshukuru mchoraji kwa mchoro huu mzuri, ambao amenikumbusha sasa hivi kwamba ni wa hoteli moja ya nje, na anauhitaji kesho kwa mteja mwingine. Nawashukuru wananchi wa mtaa huu kwa kutoa kiwanja, pindi mtakapokitoa. Nawashukuru wafadhili, popote walipo, kwa ufadhili ambao tutawaomba mara andiko likikamilika, na nawashukuru wajenzi, ambao tukishapata jina rasmi la kituo tutatangaza tenda kuwatafuta. (Basi la Singida linapiga honi na kuanza kuondoka.)

Na kwa wale wanaonong'ona kwamba hakuna kitu hapa, tazameni barabarani! Yule dirishani ni nani? Ni Imakulata Margwe! Kituo ambacho hakijachimbwa hata msingi, ndugu wananchi, leo hii, mbele ya macho yenu, kimetoa mhitimu wake wa kwanza!

(Wananchi wote wanasimama. Makofi, vigelegele, kofia hewani. Wameligeuzia jukwaa mgongo, wanalipungia basi. Mama Gaudensia anafuta machozi na kupiga kelele: "Kawaonyeshe, mwanangu!")

Asanteni. Asanteni sana, kaeni tu. Kwa kweli sikutegemea kwamba hotuba ingewagusa kiasi hiki.